Jumapili za Sange

Hidaya mwanangu,

Sikuulizi hali, maana alasiri hii nimekuona ukila wali wa jana kwa haraka, umesimama, kisha ukajitupia kanga na kutoka kwenda kuwaaga wenzako wa Upanga uliosoma nao. U mzima. Mimi pia ni mzima, isipokuwa nyumba imeanza kunielemea hata kabla hujaondoka. Masanduku yako yako mlangoni, yamefungwa kamba. Kesho ni treni, na baada ya treni ni Mpanda, mahali ambapo mimi sijafika wala simjui mtu aliyefika.

Mambo ya maji ya kuchemsha, chandarua, wanaume, na nani wa kumwamini na nani wa kumwepuka, shangazi yako amekwisha kuyasema yote, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mimi sirudii. Nataka kukujibu swali. Juzi tulipokuwa tukikunja mashuka uliniuliza bila kunitazama: "Mama, hivi kule Pugu ulikuwa unatafuta nini?" Nami nikakwambia pembe za shuka hazijakaa sawa. Ukakunja upya. Ndivyo tulivyoishi mimi na wewe muda mrefu. Unaniuliza jambo, nakujibu jingine, nawe una adabu mno kuniuliza mara ya pili.

Basi leo nakujibu.

Baba yako alipokufa ulikuwa bado hujui kulitamka jina lake vizuri. Homa ilikuja, ikamchukua, na mimi nikabaki na wewe, na chumba hiki cha mbele chenye pazia lililochorwa bustani, na kamera yake ya macho mawili, ile unayoinama na kuichungulia kwa juu. Mjomba wako alikuja kutoka Lindi kunichukua. Alikwisha hata kuzungumza na mtu wa kununua vitu vya studio. Nikakataa. Watu walisema nina moyo. Sikuwa na moyo wowote. Nilikuwa nimezoea harufu ya dawa za kusafishia picha, na huko Lindi hapakuwa tena na mtu ambaye ningeweza kukaa naye bila kuzungumza.

Kupiga picha nilikuwa nimejifunza kwa sababu baba yako hakupenda kukaa kwenye chumba cha giza. Alinituma mimi. Kisha wakaanza kuja wanawake ambao waume zao hawakutaka wapigwe picha na mwanamume. Nikaitwa Mama Picha. Niliingia vyumba vya ndani vya nusu ya Kariakoo, nikawapiga maharusi wakiwa wamekaa mikekani na hina mikononi. Kwa hiyo kazi ilikuwapo, sikukosa.

Lakini fikiria kazi yenyewe. Kutwa nzima nawaambia watu, tulia, inua kidevu, angalia hapa, usipepese. Wanatulia. Wananipa nyuso nzuri kuliko wanazowapa waume zao. Kisha wanasimama, wanachukua vikapu vyao, wanaondoka, na mimi naingia gizani kuzisafisha nyuso zile. Jioni nilikuwa nikikaa na picha ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Nilizijua sura kuliko nilivyowajua majirani. Wewe ulikuwa unalala mapema. Sikuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba mvua imenyesha.

Utakumbuka, au umesimuliwa, kwamba wakati ule watu wote wa mjini tuliambiwa tuwe na mashamba. Mtaa wetu ukapewa pori mbele ya Pugu, ubavuni mwa msitu. Jumapili tulipanda lori na majembe yetu, Bi Hafsa wa chumba cha nyuma akituongoza kwa nyimbo, na balozi wetu wa nyumba kumi akituhesabu kama mbuzi. Sikuwa mlimaji hodari. Siku moja jua lilipokuwa kali nilijitenga, nikaingia hatua chache msituni nikakaa chini.

Nikasikia majani makavu yanachakurwa. Nikadhani kuku. Nikageuka taratibu, nikamwona.

Alikuwa na ukubwa kama wa paka ambaye hajakomaa, lakini paka hakuwa, wala panya. Miguu miembamba kama vijiti. Mbele, kuanzia kichwani, rangi ya kutu, ile nyekundu ya bati la zamani, na kuelekea nyuma anazidi kuiva mpaka mgongo na makalio vikawa vyeusi kabisa, kama mtu aliyekalia masizi. Na pua. Pua ndefu, nyembamba, inayopinda huku na huku, inaingia chini ya jani, inaliinua, inachungulia, inaliacha, inakwenda la pili. Alifanya kazi ile kwa bidii na kwa ukimya, na hakunihitaji kwa lolote. Kisha akanihisi. Akapiga mkia chini, ta, ta, ta, akaruka, na msitu ukabaki kana kwamba hakupita kitu.

Ndani ya lori nikamwambia Bi Hafsa. Akasema, "Ah, sange huyo! Kwetu tulikuwa tunamla." Lori zima likacheka. Nikacheka nao, na tangu siku hiyo sikulisema tena jambo lile mbele ya watu.

Lilinishika. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Watu wanatoka ng'ambo kuja kutazama simba na tembo wetu, na kila kalenda ina twiga. Huyu anaishi hapa, mwisho wa njia ya basi, na hakuna aliyewahi kumgeukia. Nikasema nitampiga picha. Kama mtu angeniuliza ili iweje, ningeshindwa kujibu.

Shamba la mtaa halikudumu. Nguruwe walikula mihogo, watu wakachoka, lori likaacha kuja. Mimi niliendelea, kwa basi. Kila Jumapili nilikuacha kwa Bi Hafsa na uji wako, nawe ulisimama kwenye mlango wa uani ukauliza, "Mama, utarudi saa ngapi?" Nikajibu, "Nikirudi utaniona." Nilidhani hilo ni jibu.

Mwanzoni nilimfukuza. Nilikwenda kila nilikosikia majani, kamera shingoni, miguu mizito, na kwenye picha nilipata majani, mkia, majani. Kisha nikaweka chambo. Niliweka karanga, wakaja panya. Niliweka dagaa, wakaja siafu wakanipanda hadi mapajani, nikavua kanga nikikimbia msituni kama mwendawazimu. Ukinicheka hapo una haki. Sange anakula wadudu anaowachimbua mwenyewe, alikuwa na haja gani na dagaa wangu?

Na filamu zilikuwa adimu, unajua, zilipatikana kwa kujuana. Basi nilijifunza ujanja. Kwenye harusi nilibakiza picha mbili tatu za mwisho wa filamu, hizo ndizo nilizokwenda nazo Pugu. Siku moja nilipoitundika filamu ikauke nikaona, mfululizo, bibi harusi wa Mtaa wa Mkunguni amekaa kitandani, bibi harusi anavikwa mkufu, bibi harusi analia, kisha mkia wa sange. Nilicheka peke yangu mle gizani hadi nikaogopa sauti yangu.

Polepole nikajua kukaa. Sange ana vinjia vyake, membamba, na kila siku anavipitia. Ukipata kinjia, ukalala kifudifudi pembeni na kamera chini kabisa, ukakubali kuumwa na mbu na ukaacha kutaka, huenda atapita. Niligundua pia kuwa pale walikuwa wawili, dume na jike, wanamiliki sehemu moja, lakini kila mmoja anatembea peke yake na kulala peke yake. Mara chache mno niliwaona wamekutana. Walinusana, kila mmoja akashika njia yake. Nilikuwa nikiwatazama nikisema moyoni, kumbe inawezekana kuishi hivi bila kuumia. Nilikosea. Kilichomfaa sange nilikigeuza kikawa ruhusa yangu mimi.

Huko ndiko nilikokutana na Mama Chausiku. Siku moja niliinua kichwa nikaona miguu ya mwanamke na panga.

"Unawinda nini, mama wa mjini?"

"Sange."

"Kwa hicho kisanduku?"

"Nampiga picha."

Akachutama akaitazama kamera. "Ukimpiga picha anakufa?"

"Hafi."

"Sasa wewe unapata nini?"

Nikafuta lenzi kwa ncha ya kanga. Yeye alikuwa na mitego ya kamba njia ile ile, na sange kwake ilikuwa nyama ya watoto. Nilipomwomba aiondoe alinijibu kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma: "Utakuja kuwapikia wewe?" Jumapili ya pili sikuona mitego. Nikamshukuru. Akasema, "Usinishukuru. Umelala njiani kama gogo, wote wamekimbilia ng'ambo ya korongo. Nategea huko sasa." Tukacheka, akanimenyea muhogo. Kuanzia hapo, wakati mwingine nikawa na mtu wa kula naye. Hatukuwa na mengi ya kuambiana. Aliniuliza kuhusu bei ya kanga, nami nilimuuliza kuhusu dalili za mvua.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo Mama Chausiku peke yake ndiye anayelijua.

Sange analala ndani ya lundo la majani analolijenga mwenyewe chini, na ukilitazama huwezi kulitofautisha na majani mengine. Mimi nililitambua moja kwa sababu nilimwona jike akiingia. Kesho yake wazo halikunitoka. Jumapili iliyofuata nilisubiri atoke, nikaenda, nikayafunua majani ya juu kwa vidole ili mwanga uingie. Ndani mlikuwa na mtoto wake. Mdogo, amejikunja, pua yake tayari ndefu, imelala juu ya miguu yake. Nilimpiga picha. Nikayarudisha majani jinsi nilivyoyakuta, au jinsi nilivyodhani nimeyakuta.

Niliporudi, lundo lilikuwa limepoa na limelegea. Mtoto alikuwa ndani, amekufa, na sisimizi wamemfikia. Mama yake sikumwona tena upande ule.

Mama Chausiku alisema huenda ni nyoka, huenda mvua, huenda mama mwenyewe alinaswa. Alinihurumia. Lakini mkono uliofunua ulikuwa wangu, na haukuwa na haja ya kufunua. Picha ile sikuichapa.

Unakwenda kufundisha, Hidaya. Darasani mwako atakuwapo mtoto anayekaa nyuma, hasemi, na utamwona kuna kitu amekifunika. Utatamani kujua, kwa sababu una moyo mwema na kwa sababu kujua ni kutamu. Nakuomba kaa karibu naye tu. Mwache yeye atoke.

Naona naanza kuhubiri, na nilisema sitahubiri.

Je, unakumbuka ile siku niliyokuchukua? Bi Hafsa alikuwa amekwenda msibani Bagamoyo, nawe ulikuwa darasa la tatu au la nne. Sikuwa na pa kukuacha. Nilikukalisha nyuma yangu, kanga kichwani, nikakwambia usiseme, usitikisike, usijikune. Tulikaa asubuhi yote. Hakupita kitu. Mchana nikakusanya vitu vyangu kwa hasira, na moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa nimekwisha kukulaumu wewe.

Kituoni, tukingoja basi, ukasema, "Alipita."

"Alipita nani?"

"Huyo wako. Alikuja kwa nyuma. Akakunusa kiatu, akasimama kidogo, akaenda zake."

"Mbona hukuniambia?"

"Si ulisema nisiseme."

Mama mwingine angecheka hadi akae chini. Angekushika mashavu akakuuliza, alikuwaje, alikuangalia, pua yake ilikuwa na unyevu? Mimi nikasema, "Haya," nikageuza uso upande wa basi. Nilikuwa nimekasirika. Kitu nilichokihangaikia miaka kilikuja chenyewe kuninusa mguu, na aliyekiona ni wewe, nami nikakuonea wivu, mtoto wangu mdogo mwenye vumbi magotini. Hukuomba tena kwenda. Kila Jumapili baada ya hapo hukuuliza hata nitarudi saa ngapi. Nikasema moyoni, amekua.

Kisha ikaja ile siku ya mgambo. Najua unaikumbuka, lakini unaikumbuka kuanzia ulipofika. Ngoja nikueleze kabla ya hapo.

Nchi ilikuwa imetoka vitani, kila mahali watu wanaulizana wewe nani. Nilikuwa nimelala kwenye majani tangu alfajiri. Yule dume mzee akaja. Hakuja mbio, alikuja akitembea, akasimama ubavu, akainua pua kidogo, na jua likapenya kwenye miti likampata jichoni. Nikabonyeza. Mpiga picha hujua, Hidaya. Kuna zile unazozitumainia na kuna zile unazozijua. Ile niliijua. Nilibaki pale pale kifudifudi, machozi yananitoka, nacheka.

"Mama, simama! Simama na hicho kitu ukiache chini."

Walikuwa watatu, vijana, mmoja na bunduki.

"Unapiga picha nini?"

"Sange."

"Sange ndiye nani? Taja jina lake kamili."

"Ni mnyama."

"Mnyama! Reli iko pale chini, umelala huku umeielekezea kamera, halafu unatuambia mnyama?"

Sikuwa nimeiona hata reli. Kweli ilikuwa pale, chini ya mteremko, inang'aa. Wakanipeleka ofisi ya kijiji. Yule mwenye bunduki akaifungua kamera juani, akaivuta filamu yote, akaitoa kama mtu anayetoa utumbo wa kuku, akaitupa mezani. Nilipiga kelele. Sijapiga kelele vile hata msibani kwa baba yako. Wakazidi kuamini kwamba mle mna siri.

Niliwekwa kwenye benchi. Nilikaa mchana kutwa. Mama Chausiku alikuwa ameniona nikipelekwa. Yule mwanamke hakuwa na desturi ya kufika mjini, lakini alipanda basi akashuka Kariakoo, akawa anauliza kila duka, "Mama Picha anakaa wapi?" mpaka akafikishwa kwetu. Jioni nikawaona mnakuja: yeye mbele, balozi wetu katikati na kofia yake, na wewe nyuma, umevaa sare ya shule. Jumapili, na umevaa sare ya shule, umeipiga pasi, ili watu wakuone una maana. Sijakusahau ulivyokuja na viatu vile vyeupe kwenye vumbi lile.

Balozi akasema ananijua, mimi ni mpiga picha halali na mwanachama mwema, lakini mambo ya sange yeye hayajui. Mkuu wao akakugeukia. "Na wewe binti, mama yako huja huku kufanya nini?"

Ukasimama wima kama darasani. Ukasema, "Kuna mnyama anaitwa sange. Mbele ni mwekundu kama kutu, nyuma ni mweusi. Miguu yake miembamba. Akitaka kupita anatikisa pua kwanza, halafu ndiyo anapita. Mimi nimemwona mara moja tu. Mama anampenda sana."

Kijana mmoja mwenyeji wa pale akacheka, "Ndiye sange kabisa huyo, bosi. Hata mimi namla." Wakaniachia.

Lakini mimi nilikuwa nimebaki pale kwenye maneno yako ya mwisho. Hukuyasema kwa uchungu. Ulikuwa unaeleza tu jambo linalojulikana nyumbani, kama mtu anavyoeleza kisima kiko wapi. Ulikuwa umemwona yule mnyama mara moja, miaka kadhaa nyuma, na ulikuwa umemhifadhi vizuri kuliko filamu zangu zote, na hakuna siku hata moja niliyokuuliza.

Kwenye basi uliegemea dirisha. Nilitaka kukwambia. Nikakuuliza, "Umekula?"

Ukasema, "Nimekula."

Basi. Hayo ndiyo tuliyozungumza kutoka Pugu mpaka Kariakoo.

Niliacha kwenda. Nilijiambia nimeacha kwa ajili yako. Ukweli ni kwamba niliogopa, na filamu zilikwisha kabisa, mpaka nikakaa miezi bila kupiga hata harusi, tukapanga foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya manjano, kama watu wote. Jumapili nikawa nyumbani. Lakini wewe ulikuwa tayari na Jumapili zako, una vitabu vyako, una wenzako wa Upanga. Ulikuwa unatoka asubuhi ukirudi jioni, nami nikawa nimekaa kwenye kile kiti cha uani ulichokuwa ukikaa wewe, nasikiliza redio ya jirani, natazama kivuli kikihama kwenye ukuta. Ndipo nilipojua Jumapili ya nyumba hii ina urefu gani. Siku moja nikajikuta nataka kukuuliza utarudi saa ngapi. Sikukuuliza. Niliona sina haki.

Ile barua yako ya kazi ilipokuja, wiki ile ile, nikarudi Pugu. Sikukuambia. Msitu umesogezwa nyuma, mkaa umekula ule upande wetu wote, na nililala kwa Mama Chausiku kwanza ili alfajiri tuingie ndani zaidi. Sasa anatembea kwa fimbo. Tulilala kifudifudi wote wawili, vizee viwili kwenye majani, yeye akininong'oneza kwamba huu ni ujinga. Sange akapita. Kijana, mwembamba, ana haraka. Nikabonyeza. Picha imetoka, pua ina ukungu, lakini ni yeye. Nimeibandika studio kati ya maharusi, na wateja wananiuliza panya gani huyo. Nadhani uliiona, ndiyo maana uliniuliza siku ya mashuka.

Uliniuliza, ulikuwa unatafuta nini, Mama? Nilikuwa natafuta mahali ambapo hakuna anayenitaka kitu. Ni vibaya kumwandikia hivyo mtoto. Lakini nimekwisha kuanza. Baada ya baba yako niliona kila mtu ananiegemea, na wewe ulikuwa mdogo na ndiye uliyeegemea zaidi, na kule msituni kulikuwa na kiumbe ambaye mapenzi yangu hayakumpunguzia wala kumwongezea. Nilipumzika kwake. Kosa langu halikuwa kumpenda sange. Hilo sitalitubu, ningempenda hata leo. Kosa langu ni kwamba niliuona upweke kama chumba changu mwenyewe, nikafunga mlango, na kumbe tulikuwamo wawili.

Mpanda utakuwa peke yako mwanzoni. Sitakudanganya kwamba itapita upesi. Labda utapata kitu huko cha kukupumzisha, mto, au ushonaji, au ndege, mimi sijui, wewe si mimi. Ukikipata, kishike. Ila mchukue na mtu akae nawe, na umwachie ruhusa ya kusema anachokiona, hata kama kitakimbia.

Na uniandikie. Usiniandikie kwamba unaendelea vizuri, hayo mwandikie shangazi yako. Niandikie ulichokiona njiani ukienda shule. Nitakuuliza juu yake. Nitakuuliza mara ya pili na ya tatu, mpaka uchoke.

Bi Hafsa ameinuka kufungua mlango wa uani. Nasikia unamwamkia, naye anakuitikia na kukusuta kwa kuchelewa, na wewe unacheka. Chai imepoa na sitaipasha. Naishia hapa, mwanangu, kwa sababu unaingia, nami nataka nikutazame.

Mama yako